Saa Ambayo Hakuna Mtu

Mwaka wangu wa kwanza kama mtu wa IT katika hospitali moja Nairobi, niliamini kuna saa ambayo hakuna mtu. Saa nane usiku. Uliza yeyote wa kazi yangu, atakuambia hiyo ndiyo saa ya kugusa mitambo: mabosi wamelala, hakuna wa kulalamika, na ukiharibu unao muda wa kutengeneza kabla hakujakucha.

Tulikuwa na simu za mezani 140, zile zinazopitia kebo ya intaneti. Watu huona simu ya mezani kama kitu cha kizamani, lakini hizi ni kompyuta ndogo. Kila moja ina fimuwea, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha. Mianya ya usalama ikigunduliwa, lazima uisasishe. Kuzunguka meza 140 ni kazi ya wiki nzima, kwa hivyo unaiachia seva. Unaweka toleo jipya, unachagua saa, na saa hiyo ikifika seva inaziambia simu zichukue toleo hilo, zijizime, zijiwashe tena. Dakika chache tu.

Nikaandika 02:00, nikahifadhi, nikaenda nyumbani kulala.

Kumbe seva yenyewe haikujua iko Nairobi. Simu zilionyesha saa yetu sawasawa, lakini seva ilikuwa ikihesabu saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Saa nane yangu ikawa saa kumi na moja alfajiri.

Kosa la pili: sikuzigawa kwa mafungu. Zote 140 ziliomba faili lile lile kwa wakati mmoja, kama abiria wanaogombania matatu ya mwisho. Seva ikalemewa. Dakika chache zikawa karibu nusu saa.

Ndani ya hiyo nusu saa, nesi katika wodi ya kina mama aliinua simu kumwita daktari wa zamu. Kimya. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi tu, ati usizime kifaa. Akajaribu simu ya pili. Kimya. Akamtuma mhudumu akimbie ngazi orofa mbili. Daktari alifika. Mama na mtoto wako salama, na ninaandika haya kwa sababu hiyo tu. Ingekuwa vingine, sidhani ningeweza.

Asubuhi huyo nesi alikuja ofisini kwetu, bado amevaa sare ya usiku. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Kijana wangu, nani alikuambia usiku hatuko?"

Sikuwa na jibu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mamangu alikuwa nesi wa zamu ya usiku. Nililelewa nikijua kutembea kwa vidole mchana ili asiamke. Chakula changu cha shule kililipwa na saa nane usiku. Halafu nikakua, nikapata kazi ya mchana, nikaketi mbele ya kompyuta na kuandika kwamba saa hiyo hakuna mtu.

Wiki iliyofuata nilirekebisha saa ya seva, kisha nikashuka chini na daftari. Nikauliza kila wodi: saa yenu ya utulivu ni ipi? Uhasibu walisema jioni yoyote. Maabara walinipa nafasi ya saa moja. Wodi ya kina mama walicheka. Hawana.

Kwa hivyo siku hizi naanza na simu tano za ofisi zinazofungwa usiku, nangoja siku mbili nione kama ziko sawa, ndipo naendelea fungu kwa fungu. Wodi yenye simu mbili, moja inasasishwa leo na nyingine kesho. Na huwa nahakikisha jenereta ina mafuta, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kusasisha, simu nyingine haziamki tena.

Lakini kuna hatua moja ambayo haiko kwenye mwongozo wowote. Kabla sijahifadhi ratiba, napiga simu wodini.

"Sista, mko?"

"Tuko," wananijibu. "Ngoja kwanza."

Nangoja.