Bomba la Kurudishia

Kushusha maji hakuhitaji elimu. Toboa ndoo kwenye kitako, maji yatashuka yenyewe usiku na mchana, bila kukuomba umeme wala senti. Kazi iko katika kuyarudisha yalikotoka. Wahenga waliliona hilo zamani waliposema kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na kila mwenye nyumba katika jiji hili anajua walisema nini, maana maji yetu tunayalipia mara mbili: mara moja kwa fedha, mara ya pili kwa kuyangoja.

Aliyenifanya niyafikiri haya kwa undani ni jirani yangu hapa Mwenge, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Dodoma. Alipokuwa akigawa na kuuza vitu vyake aliniuzia tangi la kioo la kufugia samaki, pamoja na samaki wenyewe, meza yake ya chuma, pampu na mabomba. Tangi hilo lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kina cha 45. Likijaa hubeba lita zipatazo 240, yaani kilo 240 za maji, ukiacha uzito wa kioo na mawe. Ndani yake walikuwamo samaki 14 wa Ziwa Tanganyika, wadogo, wenye rangi ya chai ya maziwa, na mikia iliyochongoka ncha mbili kama mkia wa mbayuwayu. Samaki hawa wana desturi ambayo ingewapendeza bibi zetu. Wazazi hawalei peke yao. Watoto waliotangulia kuzaliwa hubaki nyumbani kulinda mayai na wadogo zao, kufukuza maadui na kuondoa mchanga kwa vinywa vyao. Wiki ile nilipowapokea walikuwa na vifaranga kama punje za mchele, wamejificha kwenye ufa wa jiwe.

Jirani aliniachia maelekezo mafupi. "Mzee, walishe kidogo asubuhi na jioni. Na umeme ukikatika usiku, amka uweke beseni." Nilimwuliza beseni la nini. Akasema, "Maji yatamwagika kidogo. Utazoea." Yeye alikuwa amezoea kwa miaka minne.

Ndugu msomaji, niruhusu nieleze tangi la namna hii linavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo habari yote haitaeleweka. Chini ya tangi kubwa, ndani ya ile meza, kuna tangi dogo la pili. Maji ya juu yanapofikia ukingo wa kisanduku kilichojengwa kwenye pembe, hufurika ndani yake na kushuka kwa bomba hadi tangi la chini. Huko hupita katika sponji na vipande vya mawe yenye vinyweleo. Humo wanaishi bakteria ambao hugeuza amonia inayotoka kwa samaki, iliyo sumu kali, kuwa nitriti, iliyo sumu pia, kisha kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi. Maji yakishasafishwa hivyo, pampu huyasukuma juu tena kwa bomba la pili. Kwa hiyo bomba la kwanza ni la kushushia, na la pili ni la kurudishia. La kwanza lina msaada wa mteremko, ambao haukatiki kamwe. La pili linategemea umeme.

Sasa umeme ukikatika, yatokee mambo mawili kwa pamoja. Maji yaliyo juu ya ukingo wa kisanduku yatamalizikia kushuka, nayo si mengi. Lakini bomba la kurudishia, lililokuwa likipandisha maji, litageuka kuwa mpira wa kunyonyea, kama ule madereva wanaotolea mafuta kwenye tangi la gari. Litayavuta maji ya juu kuja chini mpaka mdomo wake upate hewa. Katika tangi la jirani, mdomo huo ulizama sentimita 15 chini ya uso wa maji. Nilichukua kalamu. Urefu 120 mara upana 45 mara kina 15 ni lita 81. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 30 tu. Lita 51 zilizobaki, yaani ndoo kubwa mbili na nusu, makao yao yalikuwa sakafu ya sebule. Na juu ya sakafu hiyo ulipita waya wa umeme wenye soketi nne, na mjukuu wetu wa miezi kumi ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa.

Mama watoto alizitazama hesabu zangu, akatazama waya, akamtazama mtoto. Akasema, "Baba, hao samaki ni wazuri. Lakini mabomba hayo yabadilike kabla jua halijazama Jumapili, au samaki waende."

Nilimwita kijana fundi bomba ambaye hukaa karibu na maduka ya vifaa vya ujenzi, si mbali na soko la vinyago. Ni mtu makini, mwenye mkono mwepisi. Alizunguka meza, akachungulia ndani, akatoka akiwa amekunja uso.

"Mzee, maji haya machafu unayashusha, halafu unayarudisha?"

"Ndiyo, fundi."

"Yale yale?"

"Yale yale."

Alitikisa kichwa. Katika maisha yake yote ya kazi, alisema, maji huingia nyumbani kwa bomba moja na kutoka kwa jingine, na anayetoka hana habari na anayeingia. Hakuwahi kuombwa ayaunganishe. Nikaona kuwa hakuwa amesema jambo la ujinga. Miji yetu yote imejengwa kwa fikra hiyo. Maji ya Mto Ruvu husukumwa kwa pampu mwendo mrefu hadi kwenye mitaa yetu, tukayatumia mara moja, tukayaaga.

Tuligawana kazi. Mimi niliwahamisha samaki pamoja na jiwe lao kwenye pipa la plastiki lililojaa maji yao wenyewe, nikatumbukiza humo sponji na yale mawe ya bakteria, na nikafunga pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Bakteria hao nao huhitaji hewa. Ukiwaacha kwenye maji yaliyosimama huanza kufa, ukarudisha samaki katika tangi linalong'aa lakini lenye sumu. Maji mapya niliyokusudia kuongeza niliyaacha wazi kwenye ndoo tangu jana yake ili klorini ipungue.

Fundi alikata mabomba ya zamani kwa msumeno wa chuma. Yote yalikuwa ya nusu inchi, ya kushushia na ya kurudishia sawasawa, yamepindishwa kwa elbo kali sita, na ndani yake ukoga mweusi umebakiza njia ya upana wa penseli. Hapo tukaelewa kelele za kububujika alizokuwa akizilalamikia mke wa jirani. Tulikubaliana bomba la kushushia liwe la inchi moja na robo na la kurudishia liwe la robo tatu, kwa sababu kinachoshuka kwa uzito wake tu kinahitaji njia pana kuliko kinachosukumwa. Tena mabomba ya kushushia yawe mawili. La kwanza liwe na koki ya kurekebishia mwendo, ili maji yashuke kimya bila kuvuta hewa. La pili mdomo wake uwe juu kidogo, likae kavu.

"Bomba lisilopita maji ni la nini, mzee?"

"Ni la siku ambayo konokono au jani litaziba lile la kwanza."

Hilo alilikubali upesi. Tulichobishania ni bomba la kurudishia. Yeye alitaka tuweke vali inayoruhusu maji kupanda na kuyazuia kushuka. Ni kifaa kizuri, nacho kinauzwa kila duka. Lakini ndani yake mna kibao kinachofunguka na kufunga, na punje moja ya mchanga au uzi wa ukoga unatosha kukizuia kisifunge usiku ule unaokihitaji. Nilimwomba badala yake atoboe tundu dogo kwenye bomba, sentimita 2 tu chini ya uso wa maji. Umeme ukikatika, maji yatashuka mpaka tundu litokeze, hewa itaingia, mnyonyo utakatika. Urefu 120 mara 45 mara 2 ni lita 11 kasoro kidogo. Tundu halina kibao wala springi, na hakuna ndani yake kitu cha kukwama. Linataka usafi tu, lisizibwe na ukoga; nami hulisafisha kwa kijiti cha meno kila Jumamosi.

Alisugua ncha kwa msasa, akapaka gundi, akaunga, na kila baada ya hatua akafunga yunioni ili siku nyingine mtu aweze kufungua bila kukata. Kisha ikabidi tungoje gundi ikauke mpaka kesho yake. Tulikaa barazani tukinywa chai, na ndipo aliponiambia kwamba kwao ni upande wa Mlimba, na kwamba kazi hii yangu inamkumbusha vyura.

Nilijua anasema nini. Katika bonde la Mto Kihansi, kwenye safu ya milima ya Udzungwa, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika urefu wa sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Aliishi mahali pamoja tu duniani, katika eneo la kama hekta 2, palipoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Wakati anagunduliwa, ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 180 ulikuwa tayari unaendelea. Mwaka 2000 maji yakapelekwa kwenye mitambo, na bondeni ikabaki sehemu ndogo, kama moja ya kumi. Manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, na mwaka uliofuata yakatandazwa bondeni mabomba ya kunyunyizia maji, yanayosukumwa na mteremko pekee. Vyura wakaongezeka kwa muda. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ukakutwa bondeni. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa hawapo tena porini. Wale wa Marekani nao walipungua wakabaki makumi machache kabla ya watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo kujua namna ya kuwakuza. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, wakawekwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, mwendo mfupi tu kutoka barazani tulipokaa. Tangu mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni.

"Kuyatoa yale maji ilikuwa kazi ya kufungua lango," fundi alisema. "Kuwarudisha vyura imechukua miaka kumi na mbili."

Sikuwa na la kuongeza. Umeme wa Kihansi huingia katika gridi inayowasha taa zetu na kuendesha pampu yangu. Sisemi tungeishi bila huo. Nasema tu kwamba bomba la kushushia lilichorwa kikamilifu, na la kurudishia likafikiriwa baadaye, wakati sakafu imekwisha lowa.

Jumapili mchana tulijaza maji, tukawasha. Halafu nikazima swichi ukutani. Maji yakashuka, tundu likalia kidogo kama mtu anayenyonya chai ya moto, na kila kitu kikasimama. Katika tangi la chini zilibaki sentimita nne za nafasi. Tulizima na kuwasha mara kumi, na mara ya kumi mama watoto mwenyewe ndiye aliyeshika swichi. Waya wa sakafuni tukaupandisha ukutani. Jioni samaki walirudi na jiwe lao. Vifaranga nilivyoweza kuvihesabu vilikuwa tisa, na wakubwa walikuwa wamejipanga mbele ya ufa.

Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo, na beseni limerudi jikoni kwenye kazi yake. Hata hivyo nimejifunza kwamba tundu huokoa sakafu, haliokoi samaki. Pampu ikinyamaza, hewa ndani ya maji huanza kupungua, na bakteria nao wanaingoja. Kwa hiyo ile pampu ndogo ya betri iko juu ya kabati, na saa ya ukutani hutazamwa. Kuzuia maji yasimwagike ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha yanaanza tena kuzunguka.

Fundi alipokuwa akikusanya vyombo vyake nilimwuliza kama atafanya tena kazi ya namna hii. Akasema samaki hana uhakika nao. Lakini kuanzia sasa, kila atakapoitwa kufunga mabomba, atauliza kwanza umeme ukikatika maji yatakwenda wapi. Nilimlipa, nikamwongezea kidogo kwa swali hilo.