Asithubutu

Msomaji, kazi yangu ni kutembeza watu. Kijiweni kwetu Karatu washikaji wananicheka kwamba nimesoma mpaka kidato cha nne ili nikafukuzane na punda. Wao ndoto yao ni kuendesha gari ndani ya kreta ya Ngorongoro, mgeni amekaa, kamera shingoni, simba kalala kando ya barabara. Mimi nawachukua wale wasioitaka barabara. Tunaanzia Nainokanoka, tunakatiza Bulati, tunalala ukingoni mwa Empakaai penye baridi ya kukata usingizi, kisha tunateremka hadi Engaresero, karibu na Ziwa Natron. Punda wanabeba mahema, askari wa hifadhi anatangulia na bunduki, maana nyati hana adabu. Mwenye nguvu humalizia na Oldonyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa Kimaasai.

Mwaka 2022 nilipata mama mmoja wa Kifaransa na mpwa wake. Kumbe mama yule naye kwao ni kiongozi wa milimani, huko Alps. Anawapeleka watu kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni, tena si kwenye njia zilizosawazishwa na mashine. La, kule nje, kwenye theluji isiyokanyagwa. Usiku, tukiota moto Empakaai, alinieleza kwamba kabla ya kuteremka huchimba shimo na kutazama matabaka ya theluji. Juu inaweza kuwa ngumu, inakuita, kumbe chini kuna tabaka legelege. Uzito wa mtu mmoja hulivunja, na mteremko mzima ukaporomoka. Kila mtu huvaa kifuani kifaa kidogo cha kutoa mawimbi, ili akifukiwa wenzake wamtafute. Nilisikiliza mdomo wazi. Mimi theluji naijua ya Kilimanjaro tu, tena kwa mbali, siku mawingu yakikubali.

Asubuhi alipouona Lengai akapaaza sauti: "Theluji!" Nikacheka. Nikamweleza kwamba lava ya mlima ule ni ya magadi, hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa kama hiyo. Hutoka nyeusi, joto lake halifiki nyuzi 600, karibu nusu ya lava ya kawaida. Ikikutana na unyevu, inageuka nyeupe.

Akanitazama sana. "Basi huku mimi sijui kitu," akasema. "Wewe ndiye macho yangu."

Tulianza kupanda saa sita usiku, tukiongozwa na mzee mmoja wa Kimaasai wa pale kijijini. Yeye anajua Kimaasai na Kiswahili, wageni Kifaransa na Kiingereza. Mdomo wa katikati ulikuwa wangu. Kileleni tulifika salama. Kasheshe ilikuwa kushuka. Yule mpwa aliona korongo limejaa majivu, laini kama unga, akataka kuteleza kwa miguu kama kwao. Nikamuuliza mzee.

"Asithubutu," akasema. "Juu pamekauka, chini ni mawe matupu."

Maneno yaleyale ya mama, msomaji! Lakini kijana alikuwa ameshanidokeza habari za mshiko wa maana, nami nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba miezi mitatu. Nikamgeukia, nikasema kwa Kiingereza changu cha shule: "Mzee anasema uwe mwangalifu."

Akaenda. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Ganda likakatika, akaanguka kwa makalio, mawe yakaanza kuporomoka. Mzee alikuwa ametangulia chini yetu. Jiwe kubwa kama sufuria ya ubwabwa likaruka kuelekea njiani. Alilisikia, akajitupa pembeni. Kijana alichubuka mikono na shavu. Hakufa mtu.

Tulipofika chini, mama alinivuta kando. "Mzee alisema nini hasa?"

Nikamwambia. Hakunifokea. Alinyamaza mpaka nikatamani anifokee. Halafu akasema kwamba hata yeye, asubuhi moja, alichimba shimo, akaona, na hakusema. Hakunieleza kilichofuata. Sikuuliza.

Tipu walinipa yote. Nikamtengea mzee nusu. Sikuwa nimemwambia kitu, lakini mzee si mtoto. Alichukua ujira wake wa siku, zilizobaki akanirudishia mkononi.

"Hizo zako, kijana. Ndiyo bei uliyouzia neno langu."

Kodi nililipa, sitadanganya.

Nina madaftari matatu ya riwaya chini ya kitanda. Shujaa wake ni mtembezaji hodari asiyeogopa kitu. Niliporudi Karatu nilijaribu kuiendeleza, ikagoma. Kila shujaa akifungua mdomo, najiuliza anaficha nini.

Siku hizi kabla ya kupanda namwomba mzee atoe masharti mbele ya wote, nami nayatafsiri neno kwa neno, hata yale makali. Wageni wengine hununa. Mmoja aliniachia ahsante tupu. Mzee bado tunafanya kazi pamoja, na akiniona nampa shikamoo, anaitika vizuri tu. Ila kila nikimaliza kutafsiri, hunigeukia na kuniuliza:

"Umesema yote?"