Tulivyopunguza dipoziti ya ofisi

Leo hakuna msimbo. Nataka kuzungumzia dipoziti, kwa sababu kila nikikutana na mtu anayetaka kuitoa kampuni yake ya programu sebuleni na kuipeleka kwenye jengo, swali ni lile lile: pesa za kuingilia mlitoa wapi?

Sisi tulihama katikati ya 2024. Tulikuwa watu watano, na ofisi tuliyoipenda ilikuwa Kilimani, Nairobi, orofa ya tatu, futi 1,200 za mraba. Kodi Sh90 kwa futi, yaani Sh108,000 kwa mwezi. Ada ya huduma (askari, usafi, maji, taa za ngazini) Sh20 kwa futi, yaani Sh24,000. Hapo hakukuwa na neno. Neno lilikuwa ukurasa wa pili wa barua ya ofa. Dipoziti: miezi mitatu ya kodi na ada, Sh396,000. Robo ya kwanza ya mwaka ilipwe mbele, Sh396,000 nyingine, juu yake VAT ya 16%, Sh63,360. Ushuru wa stempu, 2% ya kodi ya mwaka, Sh25,920. Jumla Sh881,280, na bado hujamlipa wakili wa mwenye jengo, ambaye kwa desturi ya huku mpangaji ndiye hugharamia. Hujanunua hata kiti.

Wakati huo mteja wetu mkubwa alikuwa amekalia ankara yetu kwa siku 90. Nilifungua lahajedwali nikapiga hesabu mara tatu. Tukilipa kama barua ilivyosema, mishahara ya Juni ingechelewa. Kukopa nako kulikuwa moto: riba ya Benki Kuu ilikuwa 13% tangu Februari mwaka huo, na benki za kawaida zinakopesha juu ya hapo.

Kodi unailipa na unapata mahali pa kukaa. Dipoziti ni kitu kingine. Ni kama kumbukumbu ambayo programu imeikamata na haiachii mpaka programu yenyewe ife. Pesa ni zako kwenye vitabu, lakini kwa miaka sita huzigusi, na haziongezeki. (Walio katikati ya mji kwenye vibanda wana balaa lao jingine, gudwili, ambayo hairudi kabisa. Nikikumbuka hiyo nilikuwa najiona mwenye bahati.)

Ajenti alikuwa dada mpole sana na jibu lake lilikuwa moja: "Jengo lote wanalipa hivyo." Sikubishana naye, kwa sababu ajenti hana mamlaka ya kupunguza. Nilimwomba nimwone mwenye jengo, na nilimwomba kabla ya kutia saini barua ya ofa. Hili nalisisitiza. Wengi hungoja rasimu ya mkataba ndipo waanze kuuliza maswali, na kufikia hapo wakili wa upande wa pili anakuonyesha saini yako kwenye barua na kukuambia mambo ya pesa yalishakubaliwa.

Mwenye jengo ni mzee mstaafu. Baada ya salamu na chai sikutaja kiasi chochote. Nilimuuliza tu, "Mzee, hii miezi mitatu inakukinga na nini?" Akanieleza kwa urefu. Mpangaji aliyetutangulia alihama usiku. Alikuwa amekubaliwa alipe kila mwezi, akaacha deni la miezi miwili, bili ya umeme, na kuta za jipsamu zilizochimbwa matundu kila mahali ambazo mzee alilipa fundi kuzibomoa.

Hapo kazi ikawa rahisi kwangu, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku: hitilafu tatu zilikuwa zimefungiwa kwenye kiraka kimoja. Tukazitenganisha.

Umeme kwanza, kwa kuwa ndio mwepesi. Tulijitolea kugharamia mita ya tokeni. Ukilipa kabla ya kutumia, huwezi kuacha bili. Mzee aliguna, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Kuta pili. Sisi tunafanya kazi kwenye ukumbi mmoja, hatujengi vyumba. Tulikubali iandikwe kwamba hatutaweka ukuta bila ruhusa yake ya maandishi, na waya za mtandao zitapita juu ya ukuta ndani ya mifereji ya plastiki. Siku ya kupokea funguo tungepiga picha kila pembe, tuziwekee tarehe, pande zote mbili zitie saini, na ziambatishwe kwenye mkataba. Hii inamkinga yeye, na inatukinga sisi zaidi. Siku ya kutoka hakuna atakayetudai rangi ya ukuta uliokuwa umebambuka tangu mwanzo.

Kodi ndiyo ilichukua saa nzima. Hoja yangu ilikuwa hii. Mpangaji yule alikuwa akilipa kila mwezi. Sisi tunalipa robo mwaka mbele. Siku tunayoingia, mzee ana kodi ya miezi mitatu ambayo hatujaitumia pamoja na dipoziti ya miezi mitatu, yaani miezi sita mkononi. Tukishindwa kulipa Oktoba, atajua tarehe moja Oktoba, deni likiwa sifuri na dipoziti ikiwa nzima. Na juu ya hayo, sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu kutuma dalali kuchukua mali ya mpangaji mwenye deni.

Ajenti akapendekeza sisi wakurugenzi tuweke dhamana ya binafsi badala yake. Nilikataa palepale, kwa adabu. Kampuni yenye dhima ya kikomo haina maana kama nyumba ya mama yangu inaingia kwenye mkataba wa ofisi. Dhamana ya benki nayo tulikuwa tumeshaiulizia: benki ilitaka tuweke pesa taslimu kiasi kile kile, kisha tulipe ada. Nilitoa taarifa za benki za miezi 12 na barua kutoka kwa ofisi ya kushirikiana tulikokuwa tumekodi madawati, ikisema tulilipa kwa wakati miaka miwili.

Kisha nikafika kwenye miaka sita. Msomaji ambaye hajawahi kukodi ofisi Kenya hushangaa mikataba hii ina miaka mitano na miezi mitatu, au sita. Sababu ni Sura ya 301, sheria ya 1965. Mkataba wa duka, na "duka" humo ni pamoja na mahali pa kutoa huduma kwa malipo, ukiwa hauzidi miaka mitano, au ukiwa na kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka mitano bila kosa la mtu, unakuwa upangaji unaolindwa. Mwenye jengo hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi kiholela. Mambo yanaweza kwenda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Ndiyo maana mawakili wao huvuka mitano na hukataa kifungu cha kutoka mapema. Nilimwambia mzee bila kuzunguka: mkataba huu unatufunga miaka sita bila mlango wa kutokea, na unatuondoa kwenye ulinzi wa sheria hiyo. Tunaukubali. Lakini hicho tayari ni usalama tumekupa, nacho kina bei.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kijana, umesoma."

Tuliishia hivi. Dipoziti ya miezi miwili, ya kodi peke yake bila ada ya huduma: Sh216,000. Mwezi mmoja, Sh108,000, tulilipa tulipotia saini. Uliobaki ulilipwa nusu kwa nusu, Sh54,000 pamoja na kodi ya Oktoba 2024 na Sh54,000 pamoja na ya Januari 2025. Siku ya kuingia tulibaki na Sh288,000 ambazo zingekuwa kwake. Mishahara ya Juni ililipwa tarehe 28. Tulikuwa tumeomba pia kodi ishuke hadi Sh85 kwa futi. Hilo nililiachia, na nadhani kuliachia kulisaidia. Mtu naye anahitaji kitu cha kumwambia ajenti wake.

Kwenye rasimu kulikuwa na mambo mengine matatu ambayo hayakutajwa mezani. Dipoziti ilikuwa iongezwe kila kodi inapopanda, na kodi inapanda 15% kila miaka miwili, tulifuta. VAT ilikuwa imewekwa hata juu ya dipoziti; mhasibu wetu aliuliza ni huduma gani inayouzwa hapo, nayo ikaondolewa. Na hakukuwa na neno hata moja kuhusu lini dipoziti inarudi. Sasa imeandikwa: ndani ya siku 30 baada ya kurudisha funguo, makato yote yaambatane na risiti, na jengo likiuzwa, mnunuzi anarithi deni la dipoziti yetu. Kwa badala ya mlango wa kutokea tulipata haki ya kumpisha mpangaji mwingine, kwa idhini ya mzee ambayo haiwezi kunyimwa bila sababu ya maana.

Kitu kimoja hatukupata. Niliomba dipoziti iwekwe kwenye akaunti yenye riba, na riba iwe yetu. Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hii si benki," akasema, akamwita ajenti alete kalamu.