Usiku wa lita nane

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati vita ilifika Goma, kuranti ilikatika. Laini ya umeme iliharibika katika mapigano, na pampu zinazopandisha maji ya ziwa Kivu hadi mitaani zikanyamaza. Watu walishuka ziwani na bidoni, kipindupindu ao hapana.

Katika kituo kimoja cha afya, muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa anasikiliza grupu. Ikinguruma, friji ya chanjo inafanya kazi na taa ya chumba cha kuzalia inawaka. Usiku ule mama mmoja aliyekimbia kutoka Sake alikuwa na uchungu tangu jioni.

«Papa, mazutu imebaki ngapi?» muuguzi akauliza mlinzi.

«Kidogo tu, mama. Tukiiacha iwake, haitafika asubuhi.»

Wakaizima. Mama alingoja katika giza, dada yake akishika simu yenye taa, huku chaji inashuka. Wakati mtoto alikaribia ndipo mlinzi alivuta kamba ya grupu, mara tatu, ikakubali. Mtoto wa kike akalia. Wakaizima tena.

Katika hesabu ya taifa, grupu kama hiyo haionekani. Zaidi ya asilimia 95 ya umeme wa Kongo unatoka kwenye maji. Inga 1 inafanya kazi tangu 1972, megawati 351. Inga 2 tangu 1982, megawati 1424. Ni maji mengi kweli, lakini laini kubwa ya Inga ilivutwa kuelekea migodi ya Katanga, haikukata kona kuja Kivu. Huku watu wanategemea Ruzizi na vituo vidogo kama Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilichoanza 2015 na megawati 13 hivi. Laini moja ikianguka, ni giza.

Na hata huko Katanga makampuni ya migodi yananunua grupu kubwa, sababu kuranti haiwatoshi. Wao wana pesa ya kuzilisha. Katika miji ya ndani ambako laini haijafika, mashini za mazutu za shirika la taifa, SNEL, zimeshakaa kimya mara nyingi kwa kukosa mafuta tu. Anayesema nchi ya mito haihitaji mazutu hajalala Goma.

Tena mazutu yenyewe inatoka mbali: inashuka melini Mombasa ao Dar es Salaam, inapanda malori, inavuka mipaka. Barabara ikifungwa, bei inaruka siku hiyohiyo, na mwenye mashini ya kusaga anafunga mlango. Familia za kambini zinapika mahindi mazima.

Asubuhi mama wa Sake alifunga mtoto mgongoni, akaenda kutafuta wengine wake. Mlinzi aliingiza kijiti ndani ya tangi, akakitoa, akaandika kwa makaa kwenye mlango wa kijumba cha grupu: lita 8.