Mizani Iliyopotea

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waingereza nao huziita hitilafu za programu za tarakilishi wadudu. Wadudu hao niliwafahamu nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili kuhusu arudhi.

Nilikuwa nimeandika, kwa lugha ya C, programu ya kuhesabu mizani. Mwalimu wangu wa shule ya msingi huko Kinna, ambako wengi wetu tulizungumza Kiborana kabla ya kukutana na Kiswahili darasani, alinitumia tarbia aliyoitunga. Programu ikatoa hukumu: mshororo mmoja ulikuwa na mizani 15 badala ya 16. Nami, bila kusita, nikamwandikia kumsahihisha. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, piga makofi."

Nilipiga makofi, silabi baada ya silabi. Yalifika 16.

Nikaigeukia GDB, programu ya kusakia hitilafu, ambayo huisimamisha programu nyingine ikiwa mbioni ili mtu achungulie yaliyomo ndani yake. Nilipotaka kuuona mshororo, ilinionyesha anwani za kumbukumbu tu, tarakimu zinazoelekeza kwenye tarakimu nyingine. Ilisema kweli, ila si kwa lugha ya arudhi. Hata hivyo, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2009, GDB humruhusu mtumiaji kuiongezea amri zake mwenyewe kwa lugha ya Python. Nilitunga amri niliyoiita "silabi", izifuate anwani hizo moja baada ya nyingine na kuchapisha kila silabi, ikitenganishwa kwa kistari.

Kosa likajitokeza papo hapo: mbu-ni. Mwalimu alikusudia mbuni, yaani anayebuni: m-bu-ni, mizani tatu. Mimi niliiagiza programu iunganishe m na b kila zinapokutana, kama katika mbuzi; basi ikamwona mbuni ndege, mwenye mizani mbili.

Kosa halikuwa la mwalimu wala la tarakilishi. Nilikuwa nimeisahau m- ya mtenda, somo alilonifundisha yeye mwenyewe. Nilimpigia simu kumwomba radhi.

Wanafunzi wenzangu, tunapoikabidhi tarakilishi lugha yetu, tusitosheke na jibu la mwisho. Tuihoji kwa istilahi zetu, kisha tupige makofi.