Uso wa Phil na Uso wa Tiger

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri kwamba mimi sijawahi kuwa mcheza gofu. Fimbo zake nimezishika sana, lakini nilizishika kwa ajili ya watu wengine. Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakatoka vile yalivyotoka (tusiyafukue), mjomba alinichukua hadi kwenye uwanja wa gofu wa mji wetu akanikabidhi kwa msimamizi wa makedi. Kedi ni yule anayembebea mchezaji begi, anayemtafutia mpira ukizama majanini, na anayemnong'oneza kwamba hapa grini inateremkia kushoto. Kazi hiyo niliifanya miaka mitatu na ushee. Humo ndimo nilimoanza kuandika riwaya yangu kwenye kaunta buku, na humo humo ndimo nilimojifunza kutabasamu.

Usicheke. Kutabasamu ni kazi kama kazi nyingine. Mchezaji akikosa kuutumbukiza mpira ulio futi mbili kutoka shimoni, kedi mwenye akili husema, "Pole bosi, upepo huo," hata kama hakuna jani linalotikisika. Akipatia, unamwambia, "Aah mzee, leo huchezi hapa, leo uko Marekani!" Basi mzee anacheka, na jioni bakshishi inanenepa. Mimi nililijua hilo wiki ya kwanza tu. Kufika mwezi wa tatu wageni walikuwa wakija wanauliza, "Yuko wapi yule kijana mchangamfu?"

Pale kwenye benchi letu alikuwepo kaka mmoja, amenizidi kama miaka minne hivi. Jina silitaji, mwenyewe hapendi. Huyu bwana alikuwa hacheki. Hakuwa na kiburi, hapana, ni uso tu Mungu aliompa, umekunjamana kama mtu anayetazama jua. Lakini grini zote kumi na nane alikuwa nazo kichwani. Akikuambia mpira utakata kushoto kiasi cha upana wa kikombe, utakata kiasi hicho hicho. Ukimwuliza mchezaji yeyote makini nani kedi bora, angemtaja yeye. Ukimwuliza anamtaka nani leo, ananitaja mimi.

Sisi makedi tulikuwa na ligi yetu ya maneno. Wengine wana Simba na Yanga, sisi tulikuwa na Tiger na Phil. Wanachama walizoea kuacha magazeti ya gofu ya zamani, tukayakusanya, tukabandika picha ukutani. Kingereza changu hiki cha kuombea maji nilikipata zaidi kwenye magazeti hayo kuliko darasani. Kaka alikuwa upande wa Tiger Woods. Mimi, na nadhani umeshabahatisha, nilikuwa wa Phil Mickelson.

Kwa asiyewajua: hawa ni Wamarekani wawili, wote wazaliwa wa California, Phil mwaka 1970, Tiger mwaka 1975. Tiger alishinda Masters ya 1997 akiwa na miaka 21, akamwacha wa pili kwa mikwaju 12. Mikwaju kumi na miwili! Katika yale mashindano makubwa manne ya gofu, Tiger ameshinda mara 15, Phil mara 6. Kwa hesabu hakuna ubishi hapo. Lakini watu hawapendi kwa hesabu. Tiger akiwa uwanjani alipita katikati ya watu kama vile hawapo, macho mbele, taya limebana. Phil alitabasamu, akaonyesha dole gumba, akigusa ukingo wa kofia. Raundi ikiisha alisimama muda mrefu kuwasainia watoto kofia zao. Mwaka 1999 alicheza US Open kule Pinehurst huku amebeba kifaa cha kumwita, kwani mkewe alikuwa karibu kujifungua, na alisema kikilia anaondoka hata kama anaongoza. Hakikulia. Akashindwa kwa mkwaju mmoja na Payne Stewart, na binti akazaliwa siku iliyofuata. Sasa wewe niambie, mtu wa hivyo utaachaje kumpenda?

Kaka yeye alikuwa akisema, "Dogo, huyo anajua kamera iko wapi." Na hakuwa peke yake. Hata miongoni mwa wachezaji wa kulipwa wenyewe, imeandikwa mara nyingi, walikuwapo waliosema pembeni kwamba ukarimu wa Phil ni wa maonyesho. Mwaka 2003 Phil alitoa maneno kwenye gazeti moja la gofu kwamba Tiger ndiye mchezaji pekee anayeweza kushinda kwa vifaa hafifu kama vile alivyonavyo. Ni sifa, sio? Isomee tena taratibu. Ndani ya ile sifa mna kisu, na kisu chenyewe kimewalenga Nike waliokuwa wakimlipa Tiger. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Ryder kule Oakland Hills, nahodha Hal Sutton akaona awapange wote wawili pamoja, simba na chui kwenye jozi moja, ili Wazungu wa Ulaya wakimbie. Wakapoteza asubuhi, wakapoteza na jioni. Jioni ile, shimo la mwisho, Phil aliupeleka mpira kando kabisa, kwenye uzio, na kamera ikaunasa uso wa Tiger. Picha hiyo tulikuwa nayo ukutani. Kaka ndiye aliyeibandika. Mimi niliiona ni picha ya mtu mwenye roho mbaya. Yeye aliiona ni picha ya mtu aliyekasirika kwa sababu mpira umeenda kwenye uzio.

Halafu ipo 2010. Nilikuwa mtoto wakati huo, nimeisoma tu, lakini nimeisoma hadi karatasi ikachanika. Novemba 2009 Tiger aligonga gari nje ya nyumba yake Florida, siri za wanawake zikafumuka, wadhamini wakaanza kumkimbia. Februari 2010 akasimama mbele ya watu wachache, mamaye amekaa mstari wa mbele, akasoma maneno ya kuomba radhi kutoka kwenye karatasi, asikubali swali hata moja. Miezi miwili baadaye ikaja Masters. Mke wa Phil, Amy, alikuwa anaugua saratani ya matiti, na mama yake Phil naye vile vile, wote wamegunduliwa mwaka 2009. Siku ya mwisho, shimo la 13, mpira wa Phil ukiwa umelala juu ya majani ya misonobari, miti miwili mbele yake, mtu mwingine yeyote angepiga kwa usalama pembeni. Yeye aliupitisha katikati ya ile miti, juu ya kijito, ukatua karibu kabisa na shimo. (Kisha akaukosa ule mfupi, hilo mashabiki wake huwa hatulitaji.) Akashinda kwa mikwaju mitatu, na Amy alikuwa amesimama nyuma ya grini ya 18, wakakumbatiana pale hadi machozi. Tiger alikuwa wa nne kwa kulingana na mwenzake. Magazeti hayakuhitaji kufikiri sana siku hiyo: mume mwema amemshinda mume mbaya.

Riwaya yangu niliijenga juu ya picha ile. Shujaa wangu alikuwa kijana wa tabasamu, adui yake mtu wa uso mgumu anayetembea kama haoni watu. Sura sita niliziandika kwa mkupuo mmoja.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika.

Mwaka 2018 mwezi wa kumi na moja tulikuwa na mashindano ya wanachama na wageni wao. Nilimbebea mgeni mmoja, na kwenye begi lake mlikuwa na mipira mipya, mingine bado imo kwenye kasha. Nyumbani siku zile hali ilikuwa si hali. Nilichukua mipira miwili, nikaiuza kwa mtu wa nje. Jioni mgeni akahesabu, akapiga kelele. Msimamizi alituweka mstari mmoja, makedi wote, akapita anatutazama usoni. Sikiliza vizuri, msomaji: hakutupekua. Alitutazama usoni. Alipofika kwangu nilitabasamu lile tabasamu langu la kumpa mtu pole. Akanipiga kibega akapita. Alipofika kwa kaka akasimama. Mikunjo ile, macho yale ya kutazama jua. "Wewe una nini?" Kaka akajibu, "Sina kitu." Akaulizwa mbona amekasirika. Akasema hajakasirika. Wiki ile hakupangiwa begi, na ya pili hivyo hivyo, na ya tatu hakuja tena.

Mimi sikusema neno. Naweza kukupamba hapa kwa kukuambia kwamba nilitaka kusema nikazuiwa na hili na lile, lakini sikutaka. Nililala vizuri tu.

Aprili 2019 tulijazana nje ya dirisha la jiko la klabu, Jumapili, saa tatu na nusu usiku hivi, televisheni ya baa ikionekana kwa chati. Tiger alikuwa na miaka 43, mgongo umepasuliwa mara kadhaa, miaka miwili tu kabla polisi wa Florida walikuwa wamemkuta amelala kwenye usukani na picha yake ya kituoni ikazunguka dunia nzima. Akashinda Masters ya tano. Alipotoka grinini akamkumbatia mwanawe, Charlie, karibu na pale pale alipomkumbatia baba yake mwaka 1997. Akapiga ukelele, mdomo wazi, uso wote umefunguka. Makedi wenzangu walirukaruka. Mimi niliitazama nafasi ya kaka kwenye lile dirisha, maana kila mwaka alikuwa anaegemea nguzo ya kushoto, nikajisikia mkavu kooni.

Na Phil? Mei 2021, akiwa mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 51, alishinda PGA Championship pale Kiawah Island, mtu mzee kuliko wote waliowahi kushinda shindano kubwa. Watu walimzingira uwanjani kama mtume. Hata mwaka haukuisha. Februari 2022 mwandishi Alan Shipnuck alichapisha maneno ya Phil juu ya Wasaudi waliokuwa wanaanzisha ligi mpya kwa fedha nyingi. Alikiri kwamba anajua ni watu wa kutisha, anayajua ya mwandishi Khashoggi aliyeuawa, anazijua rekodi zao, lakini angeshirikiana nao ili apate nguvu ya kuibana PGA Tour. Akaomba radhi. KPMG wakamwacha. Aprili hiyo hakucheza Masters, wakati Tiger, aliyevunjika mguu vibaya kwenye ajali ya gari mwaka 2021, alikuwa akipanda vilima vile vya Augusta akichechemea. Juni Phil akaingia LIV. Greg Norman, aliyekuwa mkuu wa ligi hiyo, alisema Tiger alitengewa kati ya dola milioni 700 na 800 akakataa.

Ungetegemea niseme: kumbe Phil alikuwa muongo, kumbe Tiger ndiye mkweli. Nilijaribu kuandika hivyo. Nilimgeuza shujaa wa riwaya kuwa adui na adui kuwa shujaa, nikabadili majina, na ikawa mbovu zaidi kuliko mwanzo. Nilikuwa bado nawapanga watu mstari mmoja na kuwatazama usoni.

Lipo jambo moja la Phil ambalo nililijua tangu zamani nikalichukulia kama kichekesho. Wanamwita Lefty, wa mkono wa kushoto. Lakini si mtu wa kushoto! Anaandika kwa kulia, anafanya karibu kila kitu kwa kulia. Alipokuwa mtoto mdogo alisimama mkabala na baba yake akamwiga anavyopiga mpira, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na baba akipiga kulia mtoto akawa anapiga kushoto. Hakuacha tena. Kwa hiyo ule mkwaju wa kati ya miti miwili, uliowaliza watu dunia nzima, ulipigwa kwa mkono wa kuiga. Ni wa bandia? Mpira si ulifika? Nadhani na tabasamu lake ni hivyo hivyo. Alijifunza mahali, kwa mtu fulani, kwa sababu fulani, na kufikia siku ile ya Amy sidhani hata yeye mwenyewe angeweza kukuonyesha mshono ulipo. Langu pia silijui mshono wake. Ninajua tu siku moja lilifanya kazi gani.

Mwezi uliopita nilimtafuta kaka. Ana bodaboda sasa, kijiwe chake kiko karibu na stendi. Nilimpelekea karatasi hizi kabla sijazituma kwa mhariri, nikakaa juu ya pikipiki ya jirani yake kumsubiri asome. Alisoma polepole, uso ule ule. Pale kwenye Oakland Hills akatikisa kichwa kidogo. Abiria wawili walikuja akawaambia waende kwa mwenzake.

Alipomaliza akazikunja.

"Ya Tiger umeandika vizuri," akasema. "Ila hapa kwenye mipira umepunguza."

"Kupunguza vipi, kaka?"

"Umeandika miwili. Ilikuwa sita, dogo. Nilikuwa nyuma yako pale kwenye shimo la saba, nilikuona."

Akanirudishia karatasi, akavaa kofia yake, akawasha pikipiki.