Mashine Haina Kazi, Mbona Inachelewa?

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Sauti inakatika tena. Waya nimebadilisha, tundu la USB nimebadilisha, na bado upo ule mlio mkavu, tik, tik-tik, kisha dakika nzima ya usalama, kisha tik nyingine pale pale kwenye kibwagizo. Kijana wa kinanda alikuwa anapiga sehemu ya akodioni. Akodioni yenyewe hatuna. Tunazo sampuli zake ndani ya laptopu, na kinanda kinazipigisha kwa MIDI. Mwalimu wa ganuni alivaa hedifoni kidogo tu, akazivua. "Mwanangu, hiki chombo chako kina kwikwi."

Linalonikera ni kwamba mashine haina kazi. Mita ya prosesa inaonyesha asilimia 14, kumbukumbu haijafika hata nusu. Laptopu ni ya mkono wa pili, nimeinunua sokoni Darajani, i5 ya kizazi cha 8. Nimeiwekea Debian 13 mwezi huu huu, kerneli 6.12. Ardour, programu ninayorekodia, ina traki kumi na mbili, na mashine kama hii inabeba hata arobaini.

Bafa ikiwa fremu 1024 hakuna mlio hata mmoja. Lakini kwa fremu 48,000 kila sekunde, 1024 ni milisekunde 21 na ushei, na hapo kadi ya sauti haijaongeza ucheleweshaji wake. Kijana anabonyeza, akodioni inaitika baadaye. Akianza kuisubiri, mwendo wa wimbo unazorota, na dumbak iliyokwisha kurekodiwa inamwacha nyuma. Nikishusha bafa hadi 128 anapiga kwa raha, na mikatiko inarudi. Ardour inaihesabu kwenye dirisha lake, kama vile nisingeisikia mwenyewe.

Jumanne, 19 Agosti

Hesabu kabla ya kugusa chochote. 128 kugawa kwa 48,000 ni milisekunde 2.67. Ndani ya muda huo kadi imwite prosesa, PipeWire, inayosafirisha sauti kati ya programu na kadi, iamke, programu ya sampuli itoe fremu zake, Ardour ichanganye traki zote, kisha matokeo yarudi kwenye kadi. Halafu upya, mara 375 kwa sekunde. Mizunguko 374 ikimalizika kwa nusu milisekunde na mmoja ukachukua tatu, sikio litausikia huo mmoja. Ile asilimia 14 ni wastani wa sekunde nzima, na wastani haunisaidii kitu. Natakiwa kumtafuta yule mmoja aliyechelewa, na aliyemchelewesha.

Na je, tunahitaji kushuka kiasi gani? Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na kwa joto la huku huenda kasi kidogo zaidi. Kwa hiyo milisekunde 10 ni mita tatu na nusu. Kwenye jukwaa la taarab mpiga besi husimama mbali na ganuni kuliko hapo, na sijapata kumsikia yeyote akilalamika. Basi lengo langu ni jumla isiyozidi 10. Wanaojisifia bafa ya fremu 16 wana shughuli nyingine, si ya muziki.

(Siti binti Saad, gwiji wa taarab, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sauti ilichongwa kwenye nta papo hapo. Ukikosea, unaanza upya. Lakini bafa haikuwepo.)

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeanza na ruhusa. Nimeandika ulimit -r kwenye terminali, jibu: 0. Maana yake mtumiaji wangu hana haki ya kuomba kipaumbele cha wakati halisi.

Linux ya kawaida hugawa prosesa kwa insafu, kila programu na zamu yake, na kwa sauti insafu hiyo ndiyo balaa. Kivinjari kinachofungua tangazo kinapewa zamu sawa na programu inayodaiwa fremu 128 sasa hivi. Dawa yake ni utaratibu unaoitwa SCHED_FIFO, wenye ngazi 1 hadi 99: aliye juu akitaka prosesa anaichukua, na aliye chini anangoja mpaka aachiwe. Kwa kuwa programu mbovu ikipewa ngazi hiyo inaweza kuigandisha mashine nzima, mtumiaji wa kawaida hapewi bila kuandikiwa.

Nimeandika mistari miwili kwenye faili la audio.conf ndani ya /etc/security/limits.d, mmoja wa rtprio 95 na mmoja wa memlock bila kikomo, nikajiingiza kwenye kundi la audio. Huo wa memlock wengi huuruka. Kazi yake ni kuzuia kurasa za kumbukumbu ya programu zisihamishiwe kwenye diski, maana kuzirudisha kutoka diski kunaweza kula milisekunde nyingi kuliko bafa yote. Kisha lazima utoke kabisa na kuingia upya, kufunga dirisha hakutoshi.

Sasa ulimit inajibu 95. Mikatiko imepungua sana. Kijana alitaka turekodi hapo hapo, nikamwambia asubiri.

Jumamosi, 23 Agosti

Umeme ulikatika saa nne asubuhi tukiwa katikati ya jaribio, laptopu ikahamia kwenye betri, na tik-tik zikamiminika. Sikuwa nimegusa kitu. Bahati njema, kwa kweli, maana nisingewaza kulipima hilo leo.

Kwenye betri, TLP, programu ya kuokoa umeme, inaitaka prosesa ibane matumizi. Inashuka hadi megahezi 800, na ikikosa kazi hata kwa kitambo inalala. Usingizi wa prosesa una ngazi, na wa ngazi za chini unaokoa umeme mwingi ila kuamka kwake kunachukua muda. Sauti ndiyo kazi mbaya kabisa kwa mpangilio huo: inafanya kazi kidogo, inapumzika kidogo, mara 375 kwa sekunde. Prosesa inajiona haina shughuli, inasinzia, na kila ikisinzia inaamshwa. Uchache wa kazi nilioustaajabia Jumatatu umo ndani ya tatizo lenyewe.

Nimeweka governor, kidhibiti cha kasi ya prosesa, kuwa performance, na usingizi mzito nimeuzuia kwa kushikilia faili la /dev/cpu_dma_latency wakati wa kurekodi tu. Feni sasa inasikika. Laptopu itahamia nyuma ya pazia, mbali na maikrofoni.

Jumatano, 27 Agosti

Siku ya vipimo. Cyclictest ni programu ndogo: inaomba kuamshwa kwa wakati fulani, kisha inaandika imechelewa kwa mikrosekunde ngapi. Unaiacha ikiendelea huku unaitesa mashine kwa kazi nyingine. Mimi nilikuwa nakompaili, nanakili mafaili makubwa kwenda diski ya nje, na napakua kitu kwa Wi-Fi, vyote pamoja.

Kerneli ya kawaida, kilele: mikrosekunde 2,900. Hiyo peke yake imeshaila bafa ya 128. Nikizima Wi-Fi kwa rfkill, kilele kinashuka chini ya 1,000. Nikiirudisha, kinapanda. Nimerudia mara kadhaa, maana jambo likitokea mara moja haliwi ushahidi.

Kifaa chochote kikitaka huduma humkatiza prosesa, na kwenye kerneli ya kawaida sehemu kubwa ya huduma hiyo hufanyika ndani ya kerneli yenyewe, mahali ambapo ngazi zangu 95 hazina nguvu. Dreva ya Wi-Fi ikiwa na pakiti nyingi za kushughulikia, kila mtu anasubiri, hata mwenye kipaumbele.

Debian wana kerneli ya pili, linux-image-rt-amd64, iliyojengwa kwa PREEMPT_RT. Nimeiweka kwa apt, nikawasha upya. Mateso yale yale, Wi-Fi ikiwa wazi: kilele 74. Nimekaa nikiitazama namba hiyo nusu saa nzima, haikupanda.

Humo, karibu kila ukatizaji unapewa uzi wake wenye ngazi inayoweza kubadilishwa, na wote huanzia 50. Kwa hiyo Wi-Fi na USB ya kadi yangu vilikuwa sawa kwa cheo, jambo lisilokubalika. Hati ya rtirq, ya Rui Nuno Capela, inapandisha nyuzi za sauti na za USB juu ya nyingine. Kwenye /proc/interrupts nilitazama kadi yangu imo kwenye xhci_hcd (kidhibiti cha USB) ipi, maana laptopu hii ina mbili, nikaihamisha mbali na ile yenye diski ya nje.

Alhamisi, 4 Septemba

Wiki ya Maulidi, vipaza sauti kila upande, kurekodi hakuwezekani. Nimesoma tu.

PREEMPT_RT imekaa karibu miaka 20 nje ya kerneli kuu, ikibebwa kama kiraka. Thomas Gleixner na wenzake waliisukuma ndani kipande kwa kipande, na kikwazo cha mwisho kikawa printk, kile kitendo cha kuandika ujumbe wa kerneli kwenye skrini. Septemba 2024, mjini Vienna, Gleixner alimkabidhi Linus Torvalds ombi la mwisho likiwa limechapwa na kufungwa kwa karatasi ya rangi ya dhahabu. Kerneli 6.12, iliyotoka Novemba mwaka huo, ndiyo ya kwanza kuwa nayo ndani. Wanaoongoza mitambo ya viwandani wanaihitaji zaidi yangu, na pesa za kazi hiyo zimetoka zaidi kwao, sisi wa muziki tumepanda lifti.

Jumapili, 7 Septemba

Leo kumetokea lililonichanganya kuliko yote. Mikatiko imebaki michache, nayo inakuja wakati hakuna anayepiga. Kijana ameondoa mikono kwenye kinanda, eko inafifia, chumba kimya, kisha: tik. Akianza kupiga, mashine inatulia.

"Kaka, labda inataka tusinyamaze," akasema, akacheka peke yake.

Pw-top, kitazamio cha PipeWire, ina safu inayoonyesha kila programu inatumia sehemu gani ya mzunguko, na nyingine ya makosa. Nikaitazama huku amenyamaza. Programu ndogo ya zamani inayobeba eko ya akodioni ilikuwa kwenye 0.08 wakati wa kupiga. Sekunde chache baada ya noti ya mwisho ikapanda: 0.3, 0.5, 0.7. Inafanya kazi nyingi zaidi pasipo na kitu cha kufanyia kazi!

Eko hujilisha matokeo yake yenyewe, kila mzunguko yakipunguzwa kidogo. Haifiki sifuri, inakuwa ndogo na ndogo zaidi. Namba za desimali za biti 32 zikishuka chini ya takriban 1.2 kwa kumi kipeo hasi 38, zinaingia kwenye uandishi wa pekee wa namba ndogo mno, na prosesa za aina hii huzikokotoa kwa njia ya pembeni iliyo polepole mno. Zikijazana maelfu, zinamaliza milisekunde 2.67 bila sikio kusikia lolote isipokuwa tik.

Kuthibitisha: nimeingiza mchakacho wa desibeli hasi 120 kwenye mlango wa eko. Hakuna binadamu atakayeusikia, lakini unazuia namba zisizame huko chini. Safu ikarudi 0.08 na kubaki hapo. Nikauondoa, ikapanda. Nikaurudisha, ikashuka. Kijana aliacha kucheka, akasogeza kiti.

Prosesa zina swichi ya kuzigeuza namba hizo kuwa sifuri moja kwa moja, ila programu yenyewe ndiyo inayopaswa kuiwasha, na hii ya zamani haiiwashi. Ardour ina mpangilio wake wa kuiwasha. Nimeihamishia eko ndani ya Ardour, nikaiaga ile ya pembeni. Paul Davis, aliyeandika Ardour, ndiye aliyeandika pia JACK, mfumo wa sauti uliotangulia PipeWire, na sheria za tangu JACK bado ndizo: kwenye uzi wa sauti usiombe kumbukumbu, usisome diski, usingoje kufuli la mtu. Kerneli nzuri namna gani haimwokoi anayezivunja.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechomeka waya kutoka tundu la kutolea hadi la kuingizia, nikapima mzunguko mzima kwa jack_iodelay: milisekunde 9.6, na humo zimo za kadi yenyewe. Bafa 128. Tumerekodi tangu baada ya adhuhuri hadi alasiri, na kihesabu cha Ardour kimebaki sifuri.

Kipimo cha hwlatdetect kinaonyesha bado kuna kitu kinaiba mikrosekunde kadhaa kila baada ya muda. Hiyo ni firmware ya laptopu, inamchukua prosesa bila kumwuliza Linux, na hakuna kerneli inayoweza kuizuia. Kwenye 2.67 inaenea bila shida, naiacha. Kijana aliuliza kama tunaweza kushuka hadi 64. Nimemwambia hapana. Mafaili yote ya mpangilio nimeyanakili kwenye flashi, na kerneli sisasishi mpaka santuri yetu hii iishe.

Mwalimu alivaa hedifoni tena, safari hii akazibakiza masikioni wimbo mzima. Kisha: "Kwikwi hakuna. Lakini hiyo akodioni yako haiijui rasti. Noti ya tatu iko juu."

Ni kweli. Sampuli zimerekodiwa kwa mpangilio wa piano, na kwenye ngazi ya rasti ile ya tatu hukaa chini ya hapo, kati ya meja na mainari. Kwa zile tik-tik hatukuwa tumeisikia. Sfizz, programu yangu ya sampuli, inasoma mafaili ya Scala ya kupangia sauti upya. Kesho nitamwomba Mwalimu anipigie ngazi yake polepole kwenye ganuni, noti moja moja, nipime kila moja.